Mkono wa Kano, Mkono wa Nandi

Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara ya kwenda Kericho. Wageni wengi, hasa watoto wa shule, huingia wakiulizia nyoka na mamba, kisha huzunguka boma la Kiluo lililojengwa uani. Wachache husimama mbele ya silaha za uwindaji. Mkuki uliotundikwa huonekana kitu kidogo: mti, chuma, kutu. Haukutengenezwa utundikwe. Ulitengenezwa uruke, na thamani yake yote ilikuwa katika mkono uliourusha na katika macho ya watu waliousindikiza hewani mpaka ukatua.

Ni mkono huo ninaoufuata. Watu wa pwani hii ya ziwa wamempenda mrushaji tangu kabla ya uwanja, filimbi na futi ya kupimia, na njia ya mapenzi hayo bado inaweza kupitika kwa gari. Inatoka Kisumu upande wa Mamboleo, inapita Kibos, Miwani, Kibigori na Chemelil hadi Muhoroni. Kushoto, tangu unapoiacha mitaa ya mji, milima ya Nandi imesimama wima. Kulia, uwanda wa Kano umelala bapa hadi kwenye maji ya Nam Lolwe, ziwa lenyewe. Matatu hupishana na matrekta yaliyobeba miwa ya viwanda vya Muhoroni na Chemelil, ambavyo ni vya miaka ya 1960. Kile cha Miwani, kikongwe kuliko vyote, kimenyamaza kwa miaka mingi. Mvua ikinyesha juu Nandi, mto Nyando hufurika chini Kano. Ng'ombe akipotea chini, hutafutwa juu. Majirani hawa hawajawahi kupata nafasi ya kusahauliana.

Reli inakwenda sambamba na barabara hiyo. Ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na Florence Preston, mke wa msimamizi wa ujenzi Ronald Preston, ndiye aliyegongelea msumari wa mwisho. Kwa muda mji ukaitwa Port Florence. Kabla chuma hicho hakijalazwa, ukanda huu chini ya milima ulikuwa mahali pa kupigania malisho na mifugo, kati ya Waluo wa Kano na majirani wao wa milimani, waliowaita Lang'o. Kumbukumbu za mapigano hayo hazikuandikwa na waliopigana. Zilihifadhiwa mdomoni. Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyetutoka Januari 2025, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwathibitishia wasomi kwamba masimulizi ya wazee ni ghala la historia, na kitabu chake cha 1967 kuhusu Waluo wa Kusini kilijengwa juu ya masimulizi hayo. Basi na tuwasikilize wazee.

Wanasema palikuwa na shujaa wa ukoo wa Sidho aliyeitwa Luanda Magere. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mishale ilimgusa ikavunjika, mikuki ilimpata ikateleza, rungu liligonga kifua chake likamrudia mpigaji. Vita vilipoanza, wengine walijificha nyuma ya ngao za ngozi ya nyati. Yeye alitembea kifua wazi. Na alipoinua mkono kurusha, walio upande wake waliacha kupigana wakatazama.

Hapo ndipo msimulizi yeyote wa Kano anapobadilika. Nimewasikiliza kadhaa, na wote husimama. Mzee hata akiwa ameegemea fimbo atainuka, atarudisha mguu wa kulia nyuma, atapinda kiuno, atanyoosha mkono wa kushoto mbele kama mtu anayeonyesha ndege juu ya mti, kisha ataurusha mkuki usiokuwapo. Wasikilizaji hugeuza shingo kuufuata. Watoto hugeuka zaidi ya wote. Yale ya jiwe husimuliwa mtu ameketi. Ya mkono husimuliwa mtu amesimama.

Lang'o wakashindwa vita baada ya vita. Wazee wao wakakaa wakaona kwamba mtu huyu haangushwi kwa nguvu, bali kwa kujulikana siri yake. Wakachagua msichana mzuri kupita wote, wakampeleka kwake awe mke, ishara ya amani. Wazee wa Kano wakamwonya Magere. Hakusikia. Akamwoa, akakaa naye, akampenda.

Siku moja akaugua. Mke wake mkubwa hakuwepo, basi akamwita huyu mdogo amchanje na kumpaka dawa. Msichana akachukua wembe, akajaribu ngozi, wembe ukakataa. Magere, kwa maumivu au kwa mapenzi, akamwambia achanje kivuli chake. Akachanja kivuli ardhini, damu ikatoka. Usiku ule ule mwanamke akaondoka akapanda milima kwenda kwao.

Vita vikarudi. Lang'o walishuka wakiwa na siri, lakini hata mwenye siri huogopa. Magere aliwapiga wakarudi nyuma, wakakimbia. Wakati wenzake wakitoroka, mmoja wao aligeuka. Akakitafuta kivuli cha Magere majanini, akarusha. Mkuki ukakipata. Magere akaanguka, na pale alipoanguka pakawa na jiwe. Jiwe hilo lipo hadi leo katika nchi ya Sidho, upande wa Kano unaoikaribia milima. Kwa vizazi vingi wapiganaji na wawindaji walipita hapo kunoa mikuki, wakiamini kuwa mkuki ulionolewa kwa Magere haukosi.

Hadithi hii imeandikwa, imechezwa jukwaani (Okiya Omtatah, ambaye leo ni seneta wa Busia, aliitungia tamthilia), imefundishwa shuleni. Wengi huisoma kama onyo kuhusu siri na wanawake, usomaji ambao mimi nauona finyu. Kinachonishika ni ule mrusho wa mwisho. Fikiria ugumu wake. Kifua cha mtu mkubwa ni shabaha. Kivuli cha mtu anayekimbia hutambaa juu ya nyasi, hurefuka, hupinda kwenye kichuguu, hupotea kwenye kivuli cha mti. Aliyerusha alikuwa akikimbia pia, amechoka, ameona ndugu zake wakifa. Akageuka na kupata. Kwa hesabu yoyote ya ustadi, huo ndio mrusho mkubwa kuliko yote katika hadithi iliyojaa mirusho mikubwa, na ni wa adui. Waluo wenyewe ndio walioutunza. Wangeweza kumfanya shujaa wao afe kwa homa, kwa sumu, kwa kisu cha usingizini. Walichagua kumwachia Mlang'o yule, asiye na jina, mkono usiokosa.

Mashabiki wa kweli hufanya hivyo. Mtu anayependa urushaji kwa dhati hawezi kuukana mrusho mzuri eti kwa sababu umetoka upande wa pili.

Zama za mkuki zilikwisha kwa ukatili. Kati ya mwaka 1895 na 1906 Waingereza walituma misafara mitano ya kijeshi dhidi ya Wanandi, ambao waliizuia reli, wakakata nyaya za simu na kushambulia vituo. Waluo wa pande kadhaa za ziwa nao waliadhibiwa kwa bunduki mwishoni mwa miaka ya 1890. Tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani, afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimpiga risasi kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei. Baadaye koo za Kinandi zilizokuwa zikiishi karibu na reli ziliondolewa kwenye bonde hili, ardhi ikawekwa wazi kwa walowezi. Mkuki uliofika mita hamsini haukuwa na jibu kwa bunduki ya Maxim.

Mikuki haikutoweka, lakini kazi yake ilibadilika. Kwa Waluo ilibaki katika tero buru, pale wanaume wanapotoka na ng'ombe, ngao na mikuki kukifukuza kifo baada ya mazishi ya mtu mzima. Shuleni, jeshini na kwenye vituo vya wilaya ikaingia riadha. John Bale na Joe Sang, katika kitabu chao cha 1996 kuhusu mbio za Wakenya, walieleza jinsi utawala wa kikoloni ulivyoipa michezo kazi ya kuchukua nafasi ya uvamizi na ngoma. Mguu ukapata bahati. Kipchoge Keino, Mnandi, akashinda mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, na tangu hapo kijana wa milimani mwenye kipaji alijua la kufanya: akimbie. Mkono ukasahauliwa. Kwa miongo mingi Kenya ilirudi kutoka Olimpiki na medali za miguu, na uwanja wa kurushia ukabaki mahali pa wengine.

Pwani hii ya ziwa ikapeleka mapenzi yake kwenye mpira. Klabu iliyoanzishwa Februari 1968 iliitwa Gor Mahia, jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa ambaye simulizi zinasema aliweza kugeuka umbo apendavyo. Ilipotwaa Kombe la Mandela mwaka 1987, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunisia, ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushinda kombe la bara. Shabiki wa Kisumu huiingiza hadithi uwanjani bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana sikushangaa kilichotokea alipokuja mrushaji.

Julius Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 katika kaunti ya Nandi, juu ya milima ile ile inayoonekana ukiwa Miwani. Alianza utotoni kwa kurusha mikuki ya matawi aliyochonga mwenyewe. Hakuwa na kocha wa mchezo huo. Alichokuwa nacho ni saiba ya mjini, ambako alilipia dakika za intaneti akamtazama Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway kwenye YouTube: wapi mguu unatua, lini nyonga inageuka, kiwiko kinakaa juu kiasi gani. Kisha alirudi uwanjani kujaribu. Mwaka 2011 alishinda dhahabu kwenye Michezo ya Afrika mjini Maputo. Akapata nafasi ya kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya kocha Petteri Piironen. London 2012 alifika fainali ya Olimpiki akamaliza wa 12. Moscow 2013 alikuwa wa nne duniani. Glasgow 2014 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa mita 83.87.

Fainali ya mkuki ya Mashindano ya Dunia, tarehe 26 Agosti 2015, ilikuwa Jumatano. Beijing ilikuwa jioni, kwetu alasiri. Nilikuwa Kisumu, kwenye hoteli ndogo ya samaki, mahali ambapo kwa kawaida televisheni hupiga kelele peke yake. Katika raundi ya tatu Yego alikimbia, akavuka miguu, akaachilia, akaangukia kifua kama kawaida yake. Mkuki ulikwenda juu na haukutaka kushuka. Namba ilipotokea, 92.72, watu waliokuwa na mifupa ya ngege mikononi walisimama. Mtu mzima mmoja aliyekuwa karibu nami alirudisha mguu wa kulia nyuma, akanyoosha mkono wa kushoto mbele, akarusha hewa. Nililitambua umbo lile mara moja. Nilikuwa nimeliona Kano.

Hakuna aliyekuwa amerusha mbali hivyo tangu Železný mwenyewe, aliyefikisha 92.80 Edmonton mwaka 2001. Ilikuwa rekodi ya Afrika. Fedha ilimwendea Mwafrika mwingine, Ihab Abdelrahman wa Misri, kwa 88.99. Kenya iliongoza jedwali la medali la mashindano hayo kwa dhahabu 7, mara ya kwanza katika historia yake, na kati ya dhahabu zote hizo ni hiyo ya mkuki iliyozungumzwa zaidi mezani kwetu. Mwaka uliofuata, Rio, alirusha 88.24 mara ya kwanza tu, akaumia kifundo cha mguu na kutoweza kuongeza kitu, na fedha ikawa yake nyuma ya Thomas Röhler wa Ujerumani aliyefika 90.30. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya katika michezo ya kurusha.

Kwa nini mrushaji hupendwa kwa namna yake? Mkimbiaji unamtazama dakika mbili, au saa mbili; unapata muda wa kumwonea huruma. Mrushaji hufanya kazi yake yote katika nukta moja. Mkuki wa wanaume una gramu 800 na urefu wa kati ya mita 2.6 na 2.7, nao hutoka mkononi mwa bingwa kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa. Nguvu yenyewe haianzii mkononi. Huanzia mguu wa mbele unapogonga chini na kukataa kupinda. Mwendo wa mwili mzima husimamishwa ghafla, ukapanda nyongani, kifuani, begani, kiwikoni, na cha mwisho kufunguka ni vidole. Pakikosewa mahali pamoja, mkuki unayumba. Pasipokosewa, kiwiko na bega hulipia gharama kwa miaka.

Wamarekani wanalijua pendo hili kupitia besiboli. Nolan Ryan, aliyestaafu mwaka 1993 baada ya misimu 27 kwenye ligi kuu, aliwahi kupimwa mwaka 1974 akirusha mpira kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na wazee wa huko bado wanamsimulia wakiwa wamesimama. Udugu wa michezo hii miwili si wa kubuni: Železný, baada ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, alijaribiwa na timu ya besiboli ya Atlanta Braves, kwa kuwa mtu aliyerusha mkuki mita 98.48 mwaka huo huo alistahili kupewa mpira ionekane atafanya nini nao. Hakubaki huko. Lakini wazo lilikuwa sahihi: mkono ni mkono.

Ningependa kuishia kwenye furaha ile ya hoteli ya samaki, ila njia hii haijaisha na inapita mahali pagumu. Oktoba 1991, kwenye shamba la Miteitei, Tinderet, ndani ya Nandi, yalianza mapigano ya kikabila yaliyoenea katika eneo lote la mpakani na kwingineko Bonde la Ufa na Magharibi. Waluo walifukuzwa kwenye mashamba waliyonunua. Nyumba zilichomwa Kano na juu milimani. Watu waliuawa kwa mishale na mikuki, mwaka ambao satelaiti zilikuwa zikizunguka dunia. Yego alikuwa hajatimiza miaka 3. Baadhi ya waliosimama kwenye ile hoteli walikuwa na umri wa kuyakumbuka yote hayo. Nilimuuliza aliyerusha hewa anatoka wapi. Akanitajia kijiji cha karibu na Muhoroni, kisha akarudi kuangalia marudio ya mrusho. Sikumuuliza zaidi. Alikuwa akishangilia mkono wa Nandi, waziwazi, mbele ya watu wake, na ninaamini alijua vizuri kuliko mimi alichokuwa akikifanya.

Nilifika Sidho siku ya jua kali. Vijana wa shule ya msingi walikuwa wametoka mapema na walinifuata, kwa kuwa mgeni mwenye daftari ni burudani. Kila mmoja aliijua hadithi ya Magere, kila mmoja na mwisho wake. Nilipowaambia kuhusu 92.72, mmoja, mrefu kuliko wenzake, akasema hiyo ni namba tu, tuione. Basi tukaipima barabarani kwa hatua zangu, nikijitahidi kila hatua iwe mita moja. Tulianzia kwenye mti wa ober. Hatua ya hamsini walikuwa bado wakicheka. Ya sabini wakaanza kugeuka kuutazama mti. Nilipofika mwisho, aliyebaki mtini alionekana mdogo, na alipotuita hatukumsikia vizuri.

"Hapa?" akauliza yule mrefu.

"Hapa."

"Na alikuwa Mlang'o?"

"Mnandi. Kwao ni kule." Nikaonyesha milima.

Akaitazama kwa muda, kisha akakimbia kurudi mtini na wenzake wakamfuata. Wakavunja fito kwenye ua wa mtu, wakapanga mstari. Ya kwanza ilifika robo ya njia. Ya pili ilitua ubavu, ukazuka ubishi mkubwa kama ihesabiwe, na nikaitwa niamue. Niliwaambia sheria: mkuki sharti uguse ardhi kwa ncha, na kipimo huanzia hapo ulipogusa. Hawakuipenda, lakini waliikubali. Yule mrefu akaomba arudie. Mwenye ua alikuwa ameshatoka nyumbani na alikuja akifoka. Akaona wanachofanya, akauliza nani yuko mbele, akachukua fito yake mwenyewe.